Aliyekufa alijidunga mwenyewe: namna ya kurudi mahakamani Uingereza baada ya sheria kubadilika

Septemba 1996, kwenye hosteli moja nchini Uingereza, Simon Kennedy alitayarisha bomba la heroini akamkabidhi mkazi mwenzake aliyetaka kitu cha kumpatia usingizi. Yule bwana akajidunga mwenyewe, akamrudishia Kennedy bomba tupu. Haukupita muda akaacha kupumua. Mwaka uliofuata Kennedy alitiwa hatiani kwa makosa mawili: kusambaza dawa za kulevya, kifungo cha miaka 3, na kuua bila kukusudia, kifungo cha miaka 5, vyote vikitumikiwa pamoja. Alikata rufaa, ikatupwa mwaka 1998. Kesi ikarudishwa mahakamani, ikatupwa tena mwaka 2005. Oktoba 2007 ndipo Baraza la Malodi, lililokuwa wakati huo mahakama ya juu kabisa, lilipoifuta ile hatia ya kuua. Swali lilikuwa hili: ni lini mtu aliyempa mwenziwe dawa anaweza kuhukumiwa kwa kifo chake, ikiwa marehemu alijidunga kwa hiari yake? Jibu la malodi, kwa mtu mzima mwenye akili timamu anayejua anachokitumia, lilikuwa neno moja: kamwe.

Hatia ile ilikaa miaka kumi. Na hata ilipofutwa, waliokuwa wamefungwa kwa hoja kama ile hawakufunguliwa milango siku iliyofuata. Sheria ikibadilika haimfuati mfungwa. Mfungwa, au ndugu zake, ndio wanaoifuata. Mwongozo huu ni wa hao ndugu: wenye mtu aliyehukumiwa England au Wales kwa kifo kilichotokana na dawa za kulevya, waliosikia kwamba "sheria imebadilika", na wanaotaka kujua waanzie wapi. Haushiki nafasi ya wakili, ila utakuwezesha kukaa naye ukiwa unajua unachouliza.

Neno moja kabla ya kuanza. Usibebe hoja ya nchi nyingine. Scotland ina sheria yake ya jinai, na mwaka 2009 mahakama yake ya juu ya jinai ilikataa kuufuata uamuzi wa Kennedy. Marekani nako, katika kesi ya Burrage ya mwaka 2014, Mahakama ya Juu ilisema kwamba ili mtu aongezewe kifungo kwa sababu ya kifo chini ya sheria ya shirikisho, lazima ionekane kwamba bila dawa aliyoisambaza marehemu asingekufa. Hapo hawaulizi nani aliyejidunga. Wanauliza ni dawa ipi iliyoua. England wanauliza kwa namna nyingine kabisa, na atakayechanganya hoja hizi atapoteza muda wa mfungwa.

Hatua ya 1: Soma hatia ilivyoandikwa

Ndugu wengi huniambia, "Amefungwa kwa kesi ya unga." Hiyo haitoshi. Tafuta hati ya mashtaka na kumbukumbu ya hukumu, uone kila kosa peke yake na kifungo chake. Mara nyingi utakuta makosa mawili au matatu yamekaa pamoja, na kila moja lina njia yake.

La kwanza ni kusambaza. Hili ni kosa chini ya sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 1971, na kwa dawa za daraja A, kama heroini na kokeini, adhabu yake ya juu kabisa ni kifungo cha maisha. Kosa hili halitegemei kifo. Uamuzi wa Kennedy haukuligusa: hatia yake ya kusambaza ilibaki palepale.

La pili ni kuua bila kukusudia kwa kitendo haramu. Hapa upande wa mashtaka lazima uthibitishe kitendo ambacho chenyewe ni jinai, kilichokuwa cha hatari, na kilichosababisha kifo.

La tatu ni kuua bila kukusudia kwa uzembe uliokithiri. Hapa lawama si ya kutoa dawa. Ni ya kumwona mtu anazidiwa, ukiwa na wajibu juu yake, usifanye lolote.

Hati ya mashtaka huenda ikaandika "kuua bila kukusudia" tu, bila kusema ni kwa njia ipi. Jibu utalipata kwenye maelekezo ambayo jaji aliwapa wale raia 12 wa baraza la mahakama kabla hawajaenda kuamua. Nitayarudia maelekezo hayo mara kadhaa, kwa sababu rufaa za aina hii hufia au huponea pale.

Hatua ya 2: Uliza nani aliyesukuma bomba

Kama njia iliyotumika ni ya kitendo haramu, kaa chini na swali hili kabla ya jingine lolote: dawa iliingia mwilini kwa mkono wa nani?

Ikiwa ndugu yako ndiye aliyemdunga marehemu, Kennedy haimsaidii. Kumdunga mtu heroini ni kosa chini ya kifungu cha 23 cha sheria ya mwaka 1861 ya makosa dhidi ya mwili, hata kama mwenyewe ameomba. Hiyo ndiyo iliyokuwa kesi ya Cato miaka ya 1970: marafiki wawili waliokuwa wakidungana, mmoja akafa, na hatia ya mwenzake ikasimama.

Ikiwa ndugu yako alitoa dawa tu, na marehemu akaitumia mwenyewe, hoja ina nguvu. Kutoa dawa ni jinai, lakini hakumdhuru mtu kwenyewe. Kinachodhuru ni kuitumia, na kuitumia ulikuwa uamuzi wa marehemu. Mahakama ya Rufaa ilikwishaliona jambo hili mwaka 1982 katika kesi ya Dalby, ambapo mtu alitoa vidonge na rafiki yake akajidunga navyo, hatia ikatenguliwa. Baadaye ndipo mahakama zikaanza kuyumba, zikitafuta njia ya kumfunga aliyetoa.

Hapo katikati ndipo penye kesi ngumu. Mtu ametayarisha bomba. Mtu amepasha dawa kwenye kijiko. Mtu amemfunga mwenziwe mkanda mkononi ili mshipa uonekane, kisha mwenziwe akajidunga. Mwaka 2003, katika kesi ya Rogers, Mahakama ya Rufaa ilisema aliyeshika mkanda ameshiriki katika kudunga, hivyo ana hatia. Mwaka 2007 malodi walisema huo ulikuwa uamuzi mbaya: kumsaidia mtu ajitayarishe si kumdunga. Kwa hiyo kama ndugu yako alihukumiwa kati ya mwisho wa miaka ya 1990 na Oktoba 2007 kwa hoja ya kwamba "alishiriki" kwa kutayarisha, kufunga au kusogeza, tulia hapo. Hilo ndilo kundi ambalo mabadiliko ya sheria yaliligusa moja kwa moja. Malodi hawakufunga mlango wote, maana walisema yaweza kutokea hali ambapo watu wawili wanadunga pamoja kwa kweli, mikono yote miwili kwenye kazi ileile. Lakini hilo lithibitishwe kwa ushahidi, si kwa kukisia.

Kisha soma tena yale masharti: mtu mzima, mwenye akili timamu, anayejua. Marehemu alikuwa na umri gani? Alikuwa na ugonjwa wa akili? Alilazimishwa? Aliambiwa ni kokeini kumbe ni heroini? Aliyedanganywa hakuchagua alichokitumia. Wapo ndugu wanaokuja na mstari mmoja wa Kennedy walioukariri na hawataki kusikia sharti lolote. Afadhali kulijua tatizo mezani kwa wakili kuliko kulisikia kwa mara ya kwanza kwenye barua ya jaji.

Hatua ya 3: Kama ni uzembe uliokithiri, badilisha maswali

Baada ya Kennedy, njia ya kitendo haramu ilipobanwa, waendesha mashtaka waligeukia zaidi uzembe. Kesi ya Evans ya mwaka 2009 ndiyo iliyofungua njia hiyo. Mwanamke alimpa heroini mdogo wake wa miaka 16. Binti akajidunga, akaanza kuzidiwa. Dada na mama waliona dalili, wakaogopa kuingia matatani wakiita gari la wagonjwa, wakamlaza kitandani wakilala chumba kimoja naye. Asubuhi alikuwa amekufa. Mahakama ya Rufaa ikasema: aliyesaidia kuleta hali ambayo anajua, au alipaswa kujua, kwamba imekuwa ya kuhatarisha uhai, ana wajibu wa kuchukua hatua zinazofaa kuuokoa uhai huo. Hatia ya dada ikabaki.

Kwa hiyo kwa hatia ya aina hii usipigie kelele kwamba marehemu alijidunga. Uliza haya. Ndugu yako alikuwa na wajibu wowote juu ya marehemu? Dalili alizoziona, wakati ule na mahali pale, zilionyesha hatari ya wazi ya kufa, au mtu aliyelala tu? Alichofanya au kuacha kufanya kilikuwa kibaya kiasi cha kustahili kuitwa jinai? Na swali ambalo wengi hulipita: je, kama angeita msaada, marehemu angepona?

Jibu la hilo la mwisho lilimwokoa mshtakiwa katika kesi ya Broughton. Msichana alitumia dawa iitwayo 2C-P kwenye tamasha la muziki mwaka 2017, na mpenzi wake aliyempa alikaa naye kwa saa nyingi hali ikizidi kuwa mbaya. Alitiwa hatiani mwaka 2019. Shahidi mtaalamu wa upande wa mashtaka alikuwa amesema kwamba msaada wa daktari ungefika kwa wakati, nafasi ya kupona ingekuwa asilimia 90. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufaa ikaitengua hatia ya kuua: ushahidi ulioishia kwenye asilimia 90 uliacha kumi za shaka, na jinai hutaka kuthibitishwa pasipo shaka ya maana. Kwa hiyo ripoti ya mtaalamu isome mstari kwa mstari. Maneno kama "huenda", "kuna uwezekano mkubwa" na "kwa kawaida" yapigie mstari, mpelekee wakili.

Hatua ya 4: Linganisha tarehe

Chukua karatasi, andika tarehe tatu: siku ya hatia, siku ya adhabu, na siku ya uamuzi mpya unaoutegemea.

Kama siku 28 tangu hatia hazijaisha, kimbia. Rufaa iliyoletwa ndani ya muda haihitaji kuthibitisha kwamba dhuluma ni kubwa. Inatosha kuonyesha kwamba hatia si salama kwa sheria ilivyo leo.

Kama siku 28 zimepita na uamuzi mpya umekuja baada ya hatia, hapo ndipo penye "rufaa ya mabadiliko ya sheria", na sharti lake ni zito. Nitalieleza katika hatua ya 6.

Kuna hali ya tatu ambayo watu huikosea. Kesi ilisikilizwa mwaka 2012, jaji akalielekeza baraza kana kwamba Kennedy haijawahi kuamuliwa. Hapo sheria haijabadilika. Jaji ameikosea sheria iliyokuwepo. Hiyo ni hoja nyingine, na ina nguvu zaidi. Bado utaomba kuongezewa muda na kueleza kuchelewa kwako, lakini hutabanwa na kile kizingiti cha mabadiliko ya sheria. Usijiwekee mwenyewe mzigo ambao mahakama haikudai.

Na kama kilichobadilika ni mwongozo wa adhabu, kwa mfano ule wa makosa ya kuua bila kukusudia ulioanza kutumika Novemba 2018, hilo peke yake si sababu ya kufungua upya kifungo cha zamani.

Hatua ya 5: Kusanya karatasi, kisha mfuate wakili wa kwanza

Zinazohitajika ni hizi: hati ya mashtaka, maelekezo ya jaji kwa baraza na maneno yake wakati wa kutoa adhabu, maelezo ya mashahidi, ripoti ya uchunguzi wa maiti na ya vipimo vya damu, kumbukumbu za simu ya dharura na za wahudumu wa gari la wagonjwa, na kama alikiri kosa, ile karatasi iliyoeleza amekiri kwa msingi gani. Rekodi za sauti za mahakama haziwekwi milele, wala mafaili ya mawakili. Kwa hiyo barua za kuomba nyaraka ziende wiki hii hata kama hujapata wakili mpya.

Kukiri kosa si mwisho. Wengi wa kipindi kile walikiri kwa sababu wakili aliwaambia, na kwa sheria ya wakati ule alikuwa sahihi, kwamba kutayarisha bomba kunatosha. Kama mambo aliyoyakiri hayafanyi kosa hilo kwa sheria sahihi, hoja ipo. Ndiyo maana ile karatasi ya msingi wa kukiri ni dhahabu.

Wakili wa kwanza si adui, na huwezi kumkwepa. Mahakama ya Rufaa inamtaka wakili yeyote mpya awasiliane kwanza na waliomtetea mshtakiwa kwenye kesi, ahakikishe kwamba anayoyasema ni kweli. Mfungwa naye anaweza kutakiwa aruhusu siri zake na wakili wa kwanza zifunguliwe. Barua ya kwanza iwe fupi na ya heshima: jina na namba ya mfungwa, mahakama na mwaka wa kesi, ombi la faili lote, na swali moja, je, aliwahi kutoa ushauri wa rufaa kwa maandishi? Usimtuhumu katika barua hiyo. Kama kosa lilikuwa la sheria yenyewe, yeye hakukosea, na huenda akawa shahidi wako mzuri kuliko wote.

Kuhusu gharama: msaada wa kisheria uliolipia kesi hulipia pia ushauri wa kwanza wa rufaa. Ukibadilisha wakili baadaye, upo mpango mwingine wa msaada, lakini hupimwa kwa kipato cha mfungwa, na mawakili wanaoukubali si wengi. Anayekuahidi kwamba "Kennedy itamtoa" kabla hajasoma maelekezo ya jaji, huku akitaka pesa mbele, muage.

Hatua ya 6: Jenga hoja ya dhuluma

Hapa ndipo pa kutumia nguvu zako zote.

Mahakama za England zina imani mbili zinazogongana. Ya kwanza: mahakama ikisema sheria ni hii, inasema ndivyo ilivyokuwa siku zote. Kwa imani hiyo, wote waliofungwa kwa sheria isiyo sahihi walifungwa kimakosa. Ya pili: kesi iliyoisha imeisha, ama sivyo kila uamuzi mpya utafukua maelfu ya mafaili. Mwaka 2016, katika kesi ya Jogee iliyohusu watu wanaoshtakiwa pamoja kwa mauaji, Mahakama ya Juu ya Uingereza, iliyochukua nafasi ya Baraza la Malodi, ilirudia namna ya kuyapatanisha. Aliyetiwa hatiani kwa kufuata kwa uaminifu sheria ya wakati wake anahitaji ruhusa ya pekee ya kukata rufaa nje ya muda, na ruhusa hiyo hutolewa akionyesha kwamba ametendewa dhuluma kubwa. Kusema tu kwamba sheria ya zamani imetamkwa kuwa na kosa hakutoshi.

Dhuluma kubwa hupimwaje? Mwaka huohuo, katika kesi ya Johnson, Mahakama ya Rufaa ilieleza. Kwanza kabisa huangalia nguvu ya hoja kwamba sheria mpya ingebadilisha matokeo. Kwamba "ingeweza" kuyabadilisha haitoshi. Pili, huangalia kama mwombaji angebaki na hatia ya jinai nyingine iliyo ndogo zaidi. Na kuna jambo la faraja: urefu wa muda uliopita haufuti dhuluma. Ikiwa ilikuwa dhuluma, ni dhuluma hata miaka ishirini baadaye.

Kwa kesi za dawa, kipimo cha kwanza mara nyingi ni rahisi kuliko katika mauaji ya kundi. Huko lazima ukisie baraza lingeamua nini kuhusu nia ya mtu. Hapa, ikiwa hakuna anayebisha kwamba marehemu alijidunga mwenyewe, akiwa mtu mzima na anajua, kosa la kuua kwa kitendo haramu halipo kabisa. Lionyeshe hilo kwa maneno ya upande wa mashtaka wenyewe: walivyofungua kesi, walivyohitimisha, jaji alivyosema. Nukuu ukurasa na mstari.

Kipimo cha pili ndicho kigumu, maana kosa la kusambaza lipo. Majaji watasema, huyu si mtu asiye na hatia, ni msambazaji. Usilikwepe. Litaje mwenyewe, mapema, kisha onyesha umbali uliopo kati ya makosa mawili. Kwa Kennedy ulikuwa miaka 5 dhidi ya miaka 3. Onyesha pia kile kisichohesabika kwa miaka: kuandikwa kwenye kumbukumbu kuwa umemuua mtu, mara nyingi rafiki, mpenzi au ndugu. Halafu eleza ucheleweshaji wako kwa tarehe. Uamuzi mpya ulitoka lini, mfungwa aliusikia lini, alimwandikia nani, akajibiwa nini. Miezi isiyo na maelezo husomwa kama miezi ya uvivu.

Hoja hizi huandikwa pamoja na fomu ya kuomba rufaa, iitwayo NG, na ombi la kuongezewa muda, zikapelekwa Ofisi ya Rufaa za Jinai iliyoko Royal Courts of Justice, London. Ziandikwe kwa ufupi. Majaji wale husoma mengi, na hoja mbili zilizosimama hushinda kumi na mbili zilizoegemeana.

Hatua ya 7: Jua kitakachofuata

Ombi husomwa kwanza na jaji mmoja, kwenye makaratasi, bila kikao. Akikataa, mfungwa anaweza kulipeleka mbele ya jopo kamili, na muda wa kufanya hivyo ni mfupi. Umeandikwa kwenye barua ya kukataliwa, uusome siku hiyohiyo. Lakini fahamu kwamba ombi lisilo na msingi likiendelezwa, mahakama inaweza kuamuru baadhi ya siku alizokaa ndani akisubiri zisihesabiwe. Uamuzi wa kuendelea ni wa mfungwa, si wa familia. Msimsukume ili nyinyi mlale vizuri.

Rufaa ikikubaliwa, matokeo si mawili tu. Hatia inaweza kutenguliwa kabisa. Mahakama inaweza kuweka mahali pake hatia ya kosa jingine ambalo baraza lingeweza kulifikia. Au inaweza kuamuru kesi isikilizwe upya, na kesi mpya inaweza kuisha vibaya. Mtu aliyeuza kwenye intaneti vidonge vya DNP, kemikali ya kupunguza uzito, vilivyomuua mteja alitenguliwa hatia mwaka 2019 kwa sababu ya maelekezo ya jaji, akashtakiwa upya, akatiwa hatiani tena mwaka 2020, na rufaa yake ya mwaka 2021 ikashindikana. Mwambie ndugu yako hayo kabla ya kusaini fomu.

Hatua ya 8: Kama rufaa ilikwishatumika

Mtu ana rufaa moja. Iliyokwisha kukataliwa, njia iliyobaki ni Tume ya Mapitio ya Kesi za Jinai, yenye makao Birmingham, inayojulikana kwa herufi CCRC. Ilianza kazi mwaka 1997, na ndiyo iliyoirudisha kesi ya Kennedy mahakamani baada ya rufaa yake ya kwanza. Kuomba ni bure, wala huhitaji wakili. Tume hurudisha kesi ikiona kuna uwezekano wa kweli kwamba hatia haitasimama, na kwa kawaida hutaka kitu kipya ambacho hakikutajwa mahakamani. Uamuzi mpya wa mahakama ya juu unaweza kuwa kitu hicho.

Kikwazo ni kwamba tangu mwaka 2008 sheria inairuhusu Mahakama ya Rufaa kuikataa kesi iliyoletwa na Tume kwa sababu ya mabadiliko ya sheria peke yake, kama isingekubali kumwongezea mtu huyo muda angekuja mwenyewe. Maana yake, hoja ya dhuluma kubwa ya hatua ya 6 utaihitaji huku pia. Iandike kwenye ombi la Tume kwa ukamilifu uleule.

Uhamiaji na fidia

Kwa asiye raia wa Uingereza, kifungo cha miezi 12 au zaidi huleta amri ya kufukuzwa nchini chini ya sheria ya mwaka 2007, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Kufuta hatia ya kuua hakumwondolei hatari hiyo ikiwa kifungo cha kusambaza kinafika miezi 12 au zaidi. Kwa hiyo wakili wa rufaa na wakili wa uhamiaji wajuane tangu mwanzo. Hata hivyo, hatia ya kuua ikiondoka, uzito wa kosa unaopimwa dhidi ya maisha yake na watoto wake hupungua, na hilo lina maana kubwa.

Fidia usiitegemee. Hulipwa pale ukweli mpya unapoonyesha kwamba mtu hakutenda kosa, na mabadiliko ya sheria hayahesabiwi kuwa ukweli mpya.

Siku ya kusikilizwa

Familia ya marehemu hupewa taarifa ya rufaa, na huenda ikawepo ukumbini. Walikwishaambiwa mara moja kwamba kuna mtu aliyemuua mtoto wao, na sasa wanakuja kusikia kwamba kisheria hakumuua. Ingieni mapema, mkae upande mmoja, simu zizimwe, na uamuzi ukisomwa kwa upande wenu msishangilie mpaka mtoke nje ya jengo.